Uzi: Majira ya baridi huingia kabla ya theluji. Ninayoyaona Ziwa Superior nikiwa na kamera

Sakitu (mwanzisha uzi)

Wakuu, poleni na majukumu. Wakubwa shikamooni, rika langu habari zenu.

Mimi ni mzaliwa wa Makete, mkoani Njombe. Mwaka wa tisa huu naishi Duluth, mji wa bandari katika jimbo la Minnesota, Marekani, pale Ziwa Superior linapoishia upande wa magharibi. Riziki naipata kwingine, ila siku ya mapumziko hunikuti ndani. Napiga picha za mandhari: ziwa, miamba, misitu, meli zinazoingia na kutoka.

Kila ikifika Novemba naona jambo lile lile kwa ndugu zangu tulioko nchi za baridi. Majani yameshapukutika, theluji bado, wanasema nje hakuna kitu, kamera inarudi kabatini. Na walioko nyumbani wananiambia tu "tutumie picha za theluji." Mimi naamini, tena kwa moyo wote, kwamba theluji ni mgeni wa mwisho kufika. Inapoanguka, majira yenyewe yana wiki kadhaa tangu yaingie, na wiki hizo ndizo zilizonipa picha ninazozithamini kuliko zote. Ndiyo sababu ya uzi huu. Nitashusha kidogo kidogo maana wiki hii niko zamu ya usiku.

Nianze na mwanga, kwa kuwa ndio unaotangulia.

Jua la kwetu mnalijua. Saa mbili na nusu asubuhi limeshakuwa kali, saa sita liko utosini, kivuli chako umekikanyaga. Mpiga picha wa Dar anapata mwanga mzuri asubuhi na jioni, katikati hapo anatafuta mwembe apumzike. Huku kuanzia mwisho wa Oktoba jua halipandi. Linapita pembeni mwa anga kama mtu anayepita nyuma ya nyumba. Tarehe 21 Disemba, saa sita mchana, liko nyuzi 20 tu juu ya upeo wa macho. Nyoosha mkono, kunja ngumi, weka ngumi moja juu ya nyingine kuanzia pale ardhi inapokutana na anga: hapo ndipo lilipo. Kwa hiyo mchana kutwa mwanga unakuja kwa ubavu. Kila mkunjo wa gome la mti una kivuli chake, kila jiwe la ufukweni lina upande wa dhahabu na upande wa buluu. Saa saba mchana napiga picha ambayo nyumbani ningeisubiri mpaka saa kumi na mbili kasoro.

Na likizama halizami kwa haraka kama kwetu. Nyumbani jua linashuka wima; adhana ya magharibi ikiisha unawasha taa. Huku linateremka kwa mshazari, na mwanga wa baada ya machweo unakaa zaidi ya nusu saa. Anga inaanza rangi ya chungwa, inaingia waridi, halafu ule ubuluu mzito unaofanya taa za bandari zionekane kama makaa.

Jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudisha saa nyuma kwa saa moja. Siku hiyo watu wanalalamika sana kwa sababu jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Mimi naifurahia. Machweo yanakuja wakati bado nina nguvu.

Mkulima wa Tandala

Eeh, mwenzetu wa Makete! Jina lako tu limenirudisha shambani. Wasiolijua: sakitu ni ule umande unaoganda usiku wa Juni na Julai huku kwetu. Ikipiga viazi, kesho yake majani ni meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Sijawahi kufikiri mtu anaweza kuifurahia. Hujambo lakini ndugu yangu? Endelea, nimekaa.

Kaka wa Rongai

Hapa Nairobi Julai tukifika nyuzi 12 tunavaa masweta mawili, kwa hivyo nakusalimu kwa heshima. Swali langu ni hili. Nimeangalia picha za Novemba za huko kaskazini, nyingi ni kijivu tupu: anga kijivu, maji kijivu, miti haina kitu. Hapo unaona nini?

Sakitu

@Mkulima wa Tandala sijambo, shikamoo. Sakitu nitaifikia, nimeiwekea nafasi yake.

@Kaka wa Rongai, swali zuri. Kijivu kipo, sikatai. Lakini kijivu cha anga ni kama kitambaa kinachotandazwa juu ya jua: kinazima makali, na rangi ndogo ndogo zilizokuwa zimefunikwa na kijani cha kiangazi zinajitokeza. Kuna kuvumwani, ule utando mkavu unaong'ang'ania mawe, wa rangi ya chungwa ulioota juu ya miamba myeusi ya ufukweni. Kuna vichaka ambavyo fito zake zikishapoteza majani zinaonekana nyekundu kama pilipili. Kuna miti yenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi. Mwezi Julai hivyo vyote vipo, ila hutaviona, majani yameziba.

Halafu kuna mti mmoja nataka niukalie kitako kidogo. Wenyeji wanauita tamarack. Ni wa ukoo mmoja na paini tunazozijua Njombe na Mufindi, una majani ya sindano, unazaa makoni. Paini tunayoijua sisi haipukutishi yote, iko kijani mwaka mzima. Tamarack unageuka manjano katikati ya Oktoba, halafu unadondosha sindano zote unabaki mifupa. Mwaka wangu wa kwanza nilipita kwenye kinamasi nikakuta msitu mzima wa manjano, nikamwambia jirani yangu kwamba paini zinakufa, labda zina ugonjwa. Mzee wa watu akanipeleka mpaka chini ya mti mmoja, akavuta tawi, akanionyesha vichipukizi vidogo mfano wa punje za ulezi, vimejipanga tawi zima. "Hivi ndivyo vya masika ijayo," akaniambia. Kumbe mti unajifunga kabla baridi haijafika, na mizigo ya masika imeshafungwa.

Tangu hapo kila mwaka napiga picha ya tawi la tamarack tupu, kwa karibu, vichipukizi vikiwa na tone la maji lililoning'inia. Hazipati wapendaji wengi. Sijali, nazipenda.

Nuru ya Pangani

Hapo kwenye vichipukizi mfano wa ulezi umenigusa. Asante kwa kuandika taratibu, mkuu. Tusimulie na ziwa.

Sakitu

Nimetoka kazini, nimelala, nimeamka. Sasa ziwa.

Ziwa Superior lina eneo la kilomita za mraba 82,100 hivi. Kwa ukubwa wa uso ndilo la kwanza duniani kati ya maziwa yasiyo na chumvi, na la pili yake ni Victoria letu. Tofauti kubwa iko chini: Victoria kina chake ni kama mita 80 pale palipo kirefu zaidi, Superior inafika mita 406. Maji mengi namna hiyo yanachelewa kupata joto na yanachelewa kulipoteza. Novemba inapoingia, nchi kavu imeshaganda asubuhi lakini ziwa bado limebeba joto la Agosti. Hewa ya baridi ikishuka kutoka Kanada ikakutana na maji hayo, upepo unachafuka. Wavuvi na mabaharia wa huku wanauogopa mwezi huu kuliko miezi ya barafu yenyewe.

Tarehe 28 Novemba 1905 dhoruba ilipiga hapa Duluth, meli iitwayo Mataafa ikavunjikia karibu kabisa na mlango wa bandari. Watu wa mji walikesha ufukweni wamewasha mioto, wanaiona, hawana la kufanya. Mabaharia tisa walikufa. Dhoruba hiyo iliharibu meli nyingi, na ndiyo iliyosababisha kujengwa mnara wa taa wa Split Rock, juu ya jabali, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka hapa. Uliwashwa 1910, ukazimwa rasmi 1969.

Halafu tarehe 10 Novemba 1975. Meli ya mizigo Edmund Fitzgerald, urefu wake mita 222, ilikuwa imeondoka jana yake bandari ya ng'ambo ya pili ya ghuba yetu, imesheheni madini ya chuma. Ilizama na watu wote 29. Kila mwaka tarehe hiyo mnara wa Split Rock unawashwa tena jioni. Majina yanasomwa moja moja na kengele inagongwa kila jina, mara 29, kisha mara moja zaidi kwa ajili ya wote waliopotea majini.

Nimekwenda miaka minne mfululizo. Mara ya kwanza nilikwenda kutafuta picha, nawaambia ukweli. Nilisimama chini ufukweni, nikaweka tripodi juu ya mawe, nikangoja. Upepo ulikuwa unatoka ziwani, mvua nyembamba iliyochanganyika na chembe za barafu, uso unachomwa kama unarushiwa mchanga. Taa ikawaka pale juu. Mwale ukaanza kuzunguka, ukipita juu ya maji unaonyesha matone ya mvua yote yaliyo njiani mwake, ukiondoka ni giza. Nikafungua shata, lile pazia la ndani ya kamera, kwa sekunde nane, mwale ukaingia kwenye picha kama mkono ulionyooshwa. Ni picha nzuri, niliichapisha kubwa nikaitundika sebuleni.

Mwana wa Igoma

Mkuu, nimesoma hapo nikaacha simu kidogo.

Mimi ni wa Mwanza. Tarehe 21 Mei 1996 nilikuwa darasa la tatu. MV Bukoba ilikuwa inakuja kutoka Bukoba, ikazama imeshakaribia kabisa kufika. Mamia ya watu. Nakumbuka watu wazima wakienda ufukweni wanasimama tu wanaangalia maji, kama hao wa Duluth uliowasema. Makaburi yao yapo hapa Igoma, napita hapo mara kwa mara nikienda mjini.

Naomba kujua jambo moja. Kengele ikigongwa, wewe unapiga picha?

Sakitu

@Mwana wa Igoma, pole sana ndugu yangu. Mungu awarehemu wote.

Hapana. Kengele ikianza naizima kamera naiweka ndani ya koti. Mwaka wa kwanza niliendelea kupiga kwenye majina mawili matatu ya mwanzo, na mlio wa shata ulisikika kwa mama mmoja mzee aliyesimama karibu yangu. Hakusema neno, aligeuka tu akaniangalia. Nikaelewa. Mimi nimekulia mahali ambapo kwenye msiba unakaa chini, hukai unazunguka. Sasa napiga mnara kabla, na taa baada. Kati hapo nasimama kama wengine.

Mkulima wa Tandala

Hapo umefanya la watu waliolelewa. Haya, sakitu yangu iko wapi?

Sakitu

Hii hapa, mzee wangu.

Bibi yangu alikuwa akitoka nje usiku wa Juni anaangalia juu. Nyota zikiwa nyingi na kali, hakuna wingu, hakuna upepo, moshi wa jikoni unapanda wima kama kamba, alikuwa anasema kesho sakitu. Tukaamka usiku kufunika miche kwa majani makavu. Hakukosea hata siku moja ninayoikumbuka. Baadaye nilikuja kujua sababu: mawingu ni blanketi, yasipokuwepo joto la ardhi linapanda angani lote, na upepo usipokuwepo hewa baridi inatulia mabondeni kama maji.

Elimu hiyo nimekuja nayo huku, na ndiyo inayonipa picha. Jioni za Oktoba na Novemba natoka nje ya nyumba naangalia juu kama bibi. Nyota kali na moshi wima, naweka saa ya kuamsha saa kumi na moja alfajiri. Naenda bondeni, si mlimani, kwa sababu baridi imelala bondeni.

Asubuhi ya juzi nilimkuta jani moja la mwaloni limelala kifudifudi kwenye majani mafupi. Nasema "nilimkuta" kwa sababu nilikaa naye muda mrefu tukazoeana. Nilitandika turubai nikalala kifua chini, lenzi ya karibu ikiwa sentimita 20 hivi kutoka kwake. Sakitu ilikuwa imeota kando ya jani tu, ukingoni, sindano nyeupe zimesimama zote zikielekea nje kama kope za jicho. Mishipa ya jani nayo ilikuwa na chembe, ndogo kama chumvi ya mawe iliyosagwa. Katikati hakuna kitu, kahawia tupu. Kosa moja pale ni kupumua. Pumzi moja ya kawaida ukiwa karibu hivyo, kope zote zinayeyuka. Kwa hiyo nilikuwa nageuza uso pembeni, napumua, narudi, nabana pumzi, napiga. Jua lilipovuka ukingo wa bonde lilianza na ncha ya jani. Nikaona sindano zinabadilika kutoka nyeupe kuwa za kioo, zinainama, tone la kwanza likatokea. Nilipata picha kama kumi na nne kabla halijawa jani lililolowa tu.

Theluji ikishaanguka, jani hilo hulipati tena mpaka Aprili. Ndiyo maana nasema wasiotoka Novemba wanapitwa.

Fundi Lenzi

Mkuu uzi mtamu. Sasa weka ya vifaa. Mimi niko Dodoma, natarajia kwenda Toronto Januari kwa masomo, na kamera yangu haijawahi kuona chini ya nyuzi 15. Inapona?

Sakitu

@Fundi Lenzi inapona, tena vizuri. Kamera nyingi zinavumilia baridi kuliko mwenye kamera. Kinachoumia ni betri. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri betri uliyoichaji ikajaa inaweza kukuonyesha imekwisha ndani ya dakika chache. Usiitupe wala usiilaani, iweke mfuko wa ndani wa shati, karibu na mwili, ikipata joto inarudi. Mimi natembea na tatu, moja kazini, mbili kifuani, zinapokezana.

Hatari kubwa iko unaporudi ndani. Mwaka wangu wa kwanza nilitoka nje nyuzi 18 chini ya sifuri, nikaingia sebuleni penye moto, nikaweka kamera mezani. Dakika moja haikupita ikalowa nzima, nje na ndani ya lenzi, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji Kariakoo mchana. Lenzi ile ilibaki na ukungu ndani, ikaota kuvu, na fundi niliyempelekea akaniambia kuisafisha ni gharama kuliko kununua nyingine. Niliiweka kama kumbukumbu. Dawa yake ni rahisi: ukiwa bado nje, tia kamera kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, funga, ndipo uingie. Maji yanatuama juu ya mfuko. Iache saa mbili tatu bila kufungua, hata kama unatamani kuona picha. Toa memori kadi kabla hujaifunga, ukitaka kuangalia.

Mikono: glovu nyembamba ndani, nene juu. Ukitaka kugeuza kitufe unavua ya juu tu. Tripodi ya chuma ivishe miguu yake sponji, la sivyo inanyonya joto la viganja. Viatu vifunge vile vyuma vya meno chini, maana mawimbi yanarusha maji kwenye miamba na maji yanaganda hapo hapo, mwamba unakuwa kioo. Na barafu ya maziwa madogo usiiamini kwa macho. Idara ya maliasili ya jimbo hili inashauri isiwe chini ya sentimita 10 za barafu ngumu mpya ndipo mtu atembee juu yake kwa miguu. Hiyo ni Disemba na kuendelea. Sasa hivi nakaa kando.

Dada wa Tromsø

Habari zenu. Naomba kutofautiana na mwanzisha uzi, kwa heshima zote.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, niko Tromsø, Norwei, mwaka wa sita. Kwetu hapa jua halichomozi kabisa kuanzia mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari. Novemba isiyo na theluji kwetu ni giza juu ya giza: ardhi nyeusi, lami nyeusi, bahari nyeusi. Watu wanalegea, hata mimi. Halafu usiku mmoja theluji inaanguka na asubuhi mji umeng'aa. Mwangaza mdogo uliopo angani unapokelewa na ardhi na kurudishwa juu, taa moja ya barabarani inatosha mtaa mzima. Kwangu mimi theluji ndiyo inayoleta nuru, na picha zangu zote ninazozipenda ziko baada yake. Ukiniambia ni mgeni wa mwisho nakubali, lakini ni mgeni anayekuja na taa mkononi.

Nuru ya Pangani

Dada wa Tanga, umeandika maneno nitakayokaa nayo. Wa pwani wenzangu mmefika mbali jamani.

Sakitu

@Dada wa Tromsø, nimekusoma mara mbili. Una haki. Mimi nasimama kwenye nyuzi 47 za latitudo, mwezi wangu mbaya kuliko yote bado una saa nane na nusu za mchana. Nilikuwa nasema kana kwamba Novemba ni moja dunia nzima, na siyo. Kwako ningetoka nje usiku ule ule inapoanguka.

Na kuna eneo moja ambapo theluji mimi mwenyewe naisubiri kwa hamu: nyuso zetu. Naomba nilisemee kwa sababu sijaona mtu akilieleza kwa Kiswahili.

Kamera inapima mwanga ikidhani dunia nzima ni kijivu cha wastani. Ikiona theluji imejaa kwenye fremu inasema huu mwanga umezidi, inapunguza. Matokeo yake theluji inatoka kijivu, na ndugu yako mweusi aliyesimama katikati anatoka kivuli chenye meno. Nimeona picha nyingi za familia zetu hivyo, watoto wamevaa makoti mazuri, uso hauonekani. Watu wanadhani ni kwa sababu ya weusi. Hapana, ni kipimo. Mwambie kamera ikupimie uso, au ongeza mwanga stopu (kipimo cha mwanga cha kamera) moja mpaka moja na nusu kuliko inavyotaka yenyewe. Angalia ile grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera, isigonge ukingo wa kulia, basi.

Ukishafanya hivyo utaona zawadi ya theluji. Inarudisha mwanga kutoka chini, laini, inaingia chini ya kidevu, chini ya nyusi, mahali ambapo jua la kwetu huacha mashimo. Binti yangu ana miaka saba. Nilimpiga Februari iliyopita siku ya mawingu, amesimama kwenye theluji ya magotini, kofia nyekundu. Ngozi yake ilikuwa na rangi zote: asali mashavuni, shaba kwenye paji, zambarau kidogo pembeni mwa macho kwa sababu ya baridi. Kope zilikuwa na chembe nyeupe tatu, zilihesabika. Bibi yake huko Makete aliomba ichapishwe, ipo ukutani.

Dada wa Tromsø

Hapo tumeelewana kabisa. Wanangu wawili nitawapiga upya wiki hii hii. Asante kaka.

Mkulima wa Tandala

Sakitu, na wewe uje utupige sisi na viazi vyetu Julai. Kitulo asubuhi ya sakitu, majani yote meupe, jua likitoka nyuma ya mlima. Hakuna aliyewahi kutupiga picha ya hiyo kwa utulivu uliousimulia. Watalii wanakuja Januari na Februari kwenye maua.

Sakitu

@Mkulima wa Tandala, Mungu akipenda Julai ijayo nipo. Nitakuja na turubai.

Naongeza moja ya leo asubuhi, halafu naenda kulala.

Nilikuwa kwenye njia ya msituni nyuma ya mji, saa mbili hivi. Hakuna theluji hata chembe, ardhi ni majani makavu ya kahawia na matope yaliyoganda. Kidimbwi kilikuwa na ngozi ya barafu nyembamba. Nilirusha kijiwe, kikateleza juu yake kikitoa mlio mwembamba wa kupanda, kama ndege mdogo anayeita kutoka mbali. Nikarusha cha pili kwa ajili ya kuusikia tena.

Ndipo nikamwona. Hatua kama kumi na tano, chini ya mti ulioanguka, sungura wa theluji. Hawa wana manyoya ya kahawia kiangazi na meupe majira ya baridi, miguu ya nyuma mikubwa kama viatu vya kutembelea theluji. Alikuwa mweupe mwili mzima, kasoro ukanda wa kahawia mgongoni na vumbi kidogo kwenye paji. Mweupe pee, juu ya majani ya kahawia. Mwewe angemwona kutoka mbali sana, na yeye amekaa kimya, masikio yamelala, kama mtu aliyejificha vizuri.

Wanaowachunguza wanyama hawa wanaeleza kwamba kinachowabadilisha rangi ni urefu wa mchana. Siku zikifupika mwili unaanza kutoa manyoya meupe, theluji iwepo isiwepo. Kwa hiyo huyu aliusoma mwanga tangu Oktoba akajiandaa, na theluji yake imechelewa.

Nilipiga magoti polepole. Nilipiga picha tatu. Ya tatu alikuwa ameinua kichwa, jicho limeshika mwanga wa ubavuni. Kisha akaruka mara moja, mbili, akaingia kwenye vichaka vile vya fito nyekundu, nikawa naona weupe wake unapotea na kutokea hadi mbali.

Kaka wa Rongai

Sasa hiyo ya tatu usituache nayo hivyo. Iweke.

Sakitu

Kamera bado iko kwenye mfuko wa plastiki mezani, na kwa haraka ya kuingia leo nimesahau kutoa memori kadi. Imebaki saa moja. Ikifunguka naipandisha.